Kulanti ya gari kuukuu: Usichague kwa rangi, chunguza rejeta kwanza

MTU akiingia katika duka la vipuri kwenye Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au katika kituo chochote kikubwa cha petroli nchini, hulakiwa na mitungi ya kulanti ya kila rangi: kijani, nyekundu, waridi, buluu na hata manjano. Mwenye gari kuukuu, ambaye aghalabu hana kijitabu cha mwongozo kilichokuja na gari lake, huchagua kwa macho. Akikumbuka kwamba iliyokuwemo ilikuwa ya kijani, hununua ya kijani. Asipokumbuka, huchukua iliyo nafuu zaidi. Wapo pia wasionunua kabisa, ambao kwao maji ya mfereji yanatosha.

Uamuzi huo wa dakika moja waweza kumgharimu mwenye gari injini nzima. Kulanti isiyofaa haiharibu gari siku hiyo hiyo. Hula metali polepole, ikaziba mirija ya rejeta na kudhoofisha pampu ya maji, na siku ya siku gari likachemka mlimani na kuunguza gasketi ya silinda hedi. Kwa gari lenye umri wa miaka 20 au 30, gharama ya ukarabati baada ya kisa kama hicho huweza kukaribia thamani ya gari lenyewe.

Suala hili linawagusa Wakenya wengi. Kanuni za uagizaji haziruhusu gari lililopita umri wa miaka minane kuingizwa nchini, lakini gari likishavuka bandari ya Mombasa huendelea kutumika kwa miaka mingine mingi. Isitoshe, mashambani bado yapo magari ya enzi ya kina Peugeot 504, gari lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Magari hayo mawili, la Kijapani la miaka ya tisini na Peugeot ya miaka ya sabini, hayahitaji kulanti ya aina moja, hata kama yanaegeshwa katika boma moja.

Kazi tatu za kulanti

Petroli inapoungua ndani ya injini, takriban thuluthi moja ya nishati yake hugeuka kuwa joto linalopaswa kuondolewa na mfumo wa kupoza. Maji ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwani hakuna kiowevu cha kawaida kinachobeba joto kuyashinda. Kwa hivyo kulanti haikubuniwa ili ichukue nafasi ya maji, bali ichanganywe nayo.

Ndani ya mtungi wa kulanti kuna vitu vitatu vikuu. Cha kwanza ni ethilini glikoli, kiowevu kizito chenye ladha tamu ambacho huzuia maji yasigande kwa baridi na yasichemke mapema. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu glikoli hugandia kwenye nyuzi 37 chini ya sufuri, na huchemka kwenye nyuzi zipatazo 107 badala ya 100 penye usawa wa bahari. Cha pili ni kemikali za kuzuia kutu. Cha tatu ni rangi, ambayo haina kazi yoyote katika kupoza injini.

Katika nchi za theluji, glikoli ndiyo hupewa uzito kwa sababu maji yakiganda hupasua injini. Nchini Kenya hatari hiyo karibu haipo. Kinachomfaa zaidi Mkenya ni zile kemikali za kuzuia kutu, na hizo ndizo hutofautiana baina ya mtungi mmoja na mwingine.

Sababu ni kwamba injini ni mkusanyiko wa metali za kila namna. Peugeot 504, kwa mfano, ina mwili wa injini wa chuma, silinda hedi ya alumini, na rejeta ya shaba iliyounganishwa kwa lehemu yenye risasi. Metali tofauti zikitumbukizwa pamoja katika maji yenye chumvi hugeuka kuwa mfano wa betri, ambapo metali iliyo dhaifu huliwa ili kuihifadhi nyingine. Katika injini nyingi inayoliwa kwanza ni alumini, yaani silinda hedi, sehemu ambayo ukarabati wake ni ghali mno.

Kwa nini maji matupu hayatoshi

Watetezi wa maji ya mfereji husema kwamba Kenya haina theluji, hivyo basi kulanti ni anasa ya Wazungu. Hoja hiyo inasahau milima.

Kadiri mtu anavyopanda kutoka usawa wa bahari ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini zaidi. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Timboroa, kwenye barabara ya kuelekea Eldoret, ambako mwinuko unapita mita 2,700, huchemka kwa takriban nyuzi 91.

Ulinganishe hesabu hiyo na thamostati, kile kifaa kinachofungua njia ya maji kutoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya tisini, thamostati huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 na kufunguka kabisa kwenye nyuzi 95. Maana yake ni kwamba maji matupu, yasiyobanwa na chochote, yangechemka Nairobi kabla hata thamostati haijafunguka kikamilifu.

Kinachookoa jahazi ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho si kizibo tu cha kuzuia maji yasimwagike. Hubana mfumo mzima na kuongeza shinikizo, ndipo maji matupu yanapoweza kuvumilia hadi takriban nyuzi 117 jijini Nairobi. Glikoli ikitiwa nusu kwa nusu, huongeza nyuzi nyingine zipatazo nane. Mpira wa kifuniko ukichakaa, shinikizo hupotea na hesabu hiyo yote huporomoka. Ndiposa mekanika mwangalifu huanza kwa kukagua kifuniko kabla ya kulaumu rejeta.

Aidha, si maji yote yaliyo sawa. Maji ya kisima cha kuchimbwa huwa na madini yanayoganda kama magaga ndani ya mirija ya rejeta, mfano wa yale yanayoonekana katika birika la chai. Maji ya visima vya Pwani aghalabu huwa na chumvi, nayo chumvi huchochea kutu. Iwapo ni lazima kuchanganya, yafaayo ni maji yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke, ambayo huuzwa katika vituo vya petroli kwa ajili ya betri. Hata hivyo, mnunuzi asome kibandiko kwa makini, kwani asidi ya betri pia huuzwa kando yake, nayo ikiingia kwenye rejeta ni maangamizi.

Koo tatu za kulanti

Ukiondoa majina ya biashara na mapambo ya vibandiko, kulanti nyingi sokoni hutokana na koo tatu.

Ukoo wa kwanza ni wa jadi. Kemikali zake za kuzuia kutu ni chumvi za madini kama vile silikati, fosfati na borati. Hutanda haraka juu ya metali zote kama rangi inayopakwa ukutani, na hulinda vyema shaba na lehemu. Udhaifu wake ni kwamba huisha upesi. Baada ya miaka miwili au kilomita zipatazo 40,000 hupaswa kumwagwa, hata kama rangi yake ingali inapendeza.

Ukoo wa pili ni wa asidi za kikaboni. Huu ulienea kuanzia katikati ya miaka ya tisini, wakati kampuni ya General Motors ya Marekani ilipoanza kutumia kulanti ya rangi ya chungwa katika magari yake mwaka wa 1995. Hautandi kila mahali, bali hufanya kazi pale tu kutu inapotaka kuanza. Ndiyo sababu hudumu kwa muda mrefu, aghalabu miaka mitano. Ulibuniwa kwa ajili ya rejeta za alumini na mifumo isiyoingiza hewa. Ukitiwa katika gari la zamani lenye rejeta ya shaba, waweza kushambulia lehemu, na baadhi ya asidi zake hulainisha mipira na gasketi za kizamani. Tena haupendi mfumo unaovuja na kubaki nusu tupu.

Ukoo wa tatu ni chotara, unaochanganya asidi za kikaboni na chumvi kidogo za madini. Hapa kila bara lilifuata njia yake. Watengenezaji wa Japani huepuka silikati kwa kuhofia zitasaga mpira unaozuia pampu ya maji isivuje, hivyo hutumia fosfati. Watengenezaji wa Ulaya huepuka fosfati kwa sababu maji ya huko huwa na madini mengi yanayoungana nayo na kuwa magaga, hivyo hupendelea silikati. Mwenye gari la Kijapani anayenunua kulanti ya Kizungu, au kinyume chake, huwa ameingilia mzozo asioujua.

Rangi zinavyopotosha

Si vyote ving'aavyo ni dhahabu, na si kila kulanti nyekundu ni ya Toyota. Kulanti nyekundu ya Toyota iliyotumika kwa miaka mingi haina silikati na hupaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Ile ya rangi ya waridi iliyokuja baadaye ni ya muda mrefu: hubadilishwa mara ya kwanza baada ya kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Kwa upande mwingine, kampuni ya Volkswagen ilikuwa na kulanti ya G12 iliyokuwa nyekundu pia, lakini ya ukoo wa asidi za kikaboni. Chupa tatu zinazokaribiana kwa rangi, tabia tatu.

Buluu nayo ina utata wake. Honda hutumia kulanti ya buluu isiyo na silikati, ilhali G11 ya Volkswagen, ambayo rangi yake ni kati ya buluu na kijani, ina silikati. G11 hiyo ikichanganywa na G12 nyekundu hutokea tope la kahawia linaloziba rejeta na hita.

Hakuna sheria ya kimataifa inayomlazimu mtengenezaji kutumia rangi fulani kwa ukoo fulani. Kwa hivyo rangi humsaidia mekanika kuona mahali panapovuja, basi.

Hatua za kuchagua

Maadamu rangi si kigezo, mwenye gari aanzie wapi? Jibu liko chini ya boneti.

Kwanza, aitazame rejeta. Ikiwa ni nzito, imepakwa rangi nyeusi, na matangi yake ya juu na chini ni ya chuma au shaba yaliyounganishwa kwa lehemu, basi hiyo ni rejeta ya zamani. Inafaa kulanti ya ukoo wa jadi, inayobadilishwa kila baada ya miaka miwili bila kukosa. Ikiwa ni nyepesi, mapezi yake yanang'aa rangi ya fedha na matangi yake ni ya plastiki, basi hiyo ni ya alumini.

Pili, kwa gari lenye rejeta ya alumini, aangalie lilikotengenezwa. La Kijapani lapasa kupewa kulanti ambayo kibandiko chake kinasema waziwazi kwamba haina silikati wala borati, na imekusudiwa magari ya Asia. La Ulaya hufuata nambari iliyoandikwa kwenye kijitabu cha mwongozo au kwenye kifuniko cha kitungi cha akiba. Kijitabu kikiwa kimepotea, au kimeandikwa Kijapani kitupu kama ilivyo kwa magari mengi ya mitumba, nakala za Kiingereza za magari mengi hupatikana kwenye intaneti.

Tatu, akumbuke kwamba gari kuukuu huenda limebadilishwa rejeta. Gari la 1975 laweza kuwa na rejeta ya alumini iliyotiwa mwaka jana, na la 1998 laweza kuwa na rejeta ya shaba iliyofumwa na fundi wa jua kali. Kinachoangaliwa ni kilichomo sasa.

Nne, wenye malori na matatu ya zamani ya dizeli wajihadhari zaidi. Injini nyingi kubwa za dizeli zina silinda zinazoogelea ndani ya kulanti. Mtikiso wake huzua viputo vidogo vinavyopasuka na kutoboa ukuta wa silinda. Injini hizo huhitaji kulanti iliyoandikwa kuwa ya dizeli za kazi nzito, wala si ile ya magari madogo.

Hatimaye, kibandiko kisomwe. Kulanti halisi ya magari madogo hutaja glikoli na kiwango inachotimiza, kama vile ASTM D3306 cha Marekani, BS 6580 cha Uingereza au JIS K 2234 cha Japani, na iwe na alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS). Mtungi usiotaja lolote kati ya hayo huenda ukawa ni maji yaliyotiwa rangi.

Hali kadhalika, mnunuzi aangalie iwapo ni kulanti nzito au iliyokwisha kuchanganywa. Iliyochanganywa haiongezwi maji. Nzito huchanganywa nusu kwa nusu, na katika nchi isiyo na theluji isipungue thuluthi moja, la sivyo kemikali za kuzuia kutu hazitoshi. Wanaodhani kwamba kuitia nzito bila maji ni kulipendelea gari hukosea pakubwa, kwa kuwa glikoli tupu hubeba joto kidogo kuliko maji, na gari hilo litachemka upesi zaidi.

Kumwaga ya zamani

Iwapo haijulikani ni kulanti gani iliyomo, dawa ni kuanza upya. Injini iachwe ipoe kabisa, kulanti imwagwe katika beseni, kisha maji safi yajazwe. Gari liwashwe huku hita ikiwa imefunguliwa hadi thamostati ifunguke na bomba la mpira la upande wa rejeta liwe moto. Lizimwe, lipoe, maji yamwagwe. Kazi hiyo irudiwe hadi yatoke meupe.

Hapo pana mtego. Sehemu ya maji ya kusafishia hubaki ndani ya injini. Akitia mchanganyiko wa nusu kwa nusu juu yake, mwenye gari atapata kulanti hafifu kuliko alivyokusudia. Iliyo bora ni kujua ujazo wa mfumo mzima, kutia kwanza kulanti nzito ya nusu ya ujazo huo, kisha kumalizia kwa maji yaliyosafishwa. Gari la ujazo wa lita sita, kwa mfano, litatiwa lita tatu za kulanti nzito. Hewa iliyonaswa itolewe, na kiwango kikaguliwe tena baada ya siku chache.

Baadhi ya wenye magari hulalamika kwamba rejeta ilianza kuvuja punde tu baada ya kutiwa kulanti mpya. Aghalabu kulanti haina hatia. Tundu lilikuwapo tangu zamani, ila lilizibwa na kutu na magaga, ambayo sasa yameoshwa. Afadhali livujie gereji kuliko Salgaa usiku.

Njia za mkato

Zipo desturi mbili za gereji zinazostahili kukomeshwa. Ya kwanza ni kung'oa thamostati gari linapochemka. Bila thamostati injini huchelewa kupata joto linalofaa, hunywa mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Katika baadhi ya injini maji hupitia njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta vyema, na gari likaendelea kuchemka vile vile.

Ya pili ni kumwaga unga wa kuziba nyufa kwenye rejeta. Unga huo hautambui tundu na mrija. Huweza kuziba vyote viwili, na mirija myembamba ya hita ndiyo huziba kwanza.

Gari likipungukiwa na kulanti njiani na aina yake haijulikani, maji safi ni heri kuliko kulanti ya kubahatisha. Maji hupunguza nguvu ya kulanti tu, lakini ukoo usiofaa waweza kuzua tope. Akifika salama, dereva ashughulikie mfumo wake ipasavyo. Na kamwe kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa moto. Kiowevu chenye nyuzi 110 kilichobanwa hugeuka mvuke mara tu shinikizo linapoachiliwa, na wengi wamechomeka nyuso na mikono kwa haraka ya sekunde moja.

Sumu tamu

Ethilini glikoli ni sumu, na utamu wake huwavutia watoto na mbwa. Kiasi kidogo tu huweza kuharibu figo na hata kuua. Aliyeinywa huweza kuonekana kama mlevi mwanzoni, kisha akaonekana amepata nafuu ilhali sumu inaendelea kumdhuru. Apelekwe hospitalini mara moja bila kungoja dalili.

Kwa sababu hiyo kulanti isihifadhiwe kamwe katika chupa za soda, na iliyomwagwa isiachwe katika beseni uani wala isielekezwe mtaroni. Itiwe katika mtungi wenye kifuniko, uandikwe yaliyomo, na upelekwe kwa gereji inayokusanya taka za aina hiyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kwenda dukani, mwenye gari afungue boneti asubuhi, injini ikiwa baridi, atazame rejeta yake ni ya metali gani na kulanti iliyomo ina hali gani. Ikiwa ina kutu, tope au mafuta yanayoelea, asiongeze chochote juu yake kabla mekanika hajaikagua. Ikiwa ni safi, aandike kwenye karatasi aina yake na tarehe iliyotiwa, na karatasi hiyo aibandike chini ya boneti, ili mekanika wa kesho asilazimike kubahatisha kwa rangi.